Namna ya kuamua ubishi wa dakika kumi: aliyepanda na kushuka, amefika anga za juu au bado?

Swali hili likiletwa barazani kwetu huwa linaletwa vibaya. Mtu anasoma kwenye simu kwamba tajiri fulani au mwimbaji fulani "ameenda anga za juu", anauliza: kweli au si kweli? Mmoja anasema kweli, wa pili anacheka, wa tatu anasema ni filamu, na kahawa inapoa bila kunywewa. Mimi nilifundisha fizikia sekondari mpaka nikastaafu, na hapa Ngamiani, Tanga, bado naitwa mwalimu, basi hukumu wananitupia mimi. Nimeandika mwongozo huu ili mwenye ubishi kama huo huko aliko aumalize mwenyewe.

Kanuni ya kwanza: usilijibu swali lile kama lilivyo. Ndani yake mna maswali matatu yaliyofungwa pamoja. Alifika kimo gani? Alikwenda kwa kasi gani, yaani aliizunguka dunia au alipanda akashuka palepale? Na ndani ya chombo alikuwa nani? Nimeshuhudia watu wazima wakibishana mpaka adhana ya Isha, mmoja anajibu swali la kwanza na mwenzake anajibu la tatu, na wote wawili walikuwa na haki. Yafungue, uyachukue moja moja.

Anza na kimo, na dai namba

Usipokee "juu sana". Dai namba. Kampuni za Kimarekani hutoa kimo kwa futi. Gawa kwa 3,281 upate kilomita.

Tufanye mfano. Tarehe 20 Julai 2021 roketi ya New Shepard ya kampuni ya Blue Origin iliruka na abiria kwa mara ya kwanza, karibu na mji wa Van Horn, Texas. Ndani alikuwemo mwenye kampuni, Jeff Bezos, ndugu yake Mark, bibi wa miaka 82 aitwaye Wally Funk, na kijana wa Kiholanzi wa miaka 18, Oliver Daemen. Walirudi ardhini baada ya dakika 10 na sekunde chache. Taarifa ya kampuni ilitoa vimo viwili: futi 347,563 na futi 351,210. Dereva wa bodaboda aliniletea namba hizo akiwa na furaha ya mtu aliyemkamata mwizi: "Mwalimu, ona, hata wenyewe hawajui walifika wapi!" Wanajua. Namba ya kwanza imepimwa kutoka ardhini pale uwanjani, ya pili kutoka usawa wa bahari, na uwanja wenyewe uko zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari. Wewe tumia ya usawa wa bahari, maana ndiyo inayolinganishika na safari nyingine. 351,210 gawa kwa 3,281 ni kilomita 107.

Kwa anayetaka kuupata umbali huo kichwani: ni kama kutoka Dar hadi Chalinze, ila barabara imesimamishwa wima. Watu hutarajia kitu kikubwa zaidi. Ndege ya abiria inapita kwenye kilomita 10 hadi 12. Felix Baumgartner, yule Mwaustria aliyejirusha kutoka kwenye puto mwaka 2012 dunia nzima ikitazama, aliruka kutoka kilomita 39, na mpaka leo wapo wanaoapa kwamba alitoka anga za juu. Hakutoka huko. Hakufika hata nusu ya njia.

Linganisha namba na mistari miwili

Mpaka hauonekani. Hewa haikatiki ghafla, inapungua tu, na hata pale kinapozunguka kituo cha kimataifa cha anga, kilomita 400 juu, mna hewa kidogo ya kukipunguza mwendo, ndiyo maana kinasukumwa juu tena mara kwa mara. Kwa hiyo mpaka ni wa makubaliano, na makubaliano yako mawili.

La kwanza ni kilomita 100. Mstari huo umepewa jina la Theodore von Kármán, mhandisi mzaliwa wa Hungaria aliyehamia Marekani, na ndio unaotumiwa na FAI, shirikisho la kimataifa linalosajili rekodi za urukaji. Hoja iliyo nyuma yake ni nzuri, ijue vizuri. Ndege hubebwa na hewa inayopita kwenye mabawa. Ukizidi kupanda, hewa inakuwa nyepesi, basi lazima uongeze kasi ili mabawa yaendelee kukubeba. Endelea hivyo na utafika mahali ambapo kasi inayotakiwa ni kubwa kiasi kwamba hata mabawa yakinyofoka huanguki, unaizunguka dunia tu. Hapo kazi ya mabawa imekwisha. Mahali penyewe hapakai kwenye namba kamili. 100 ni namba waliyokubaliana.

La pili ni maili 50, yaani kilomita 80 na ushei. Jeshi la anga la Marekani lililitumia miaka ya 1960 kuwapa beji ya mabawa ya mwanaanga marubani wake wa ndege ya roketi X-15, na mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, imelifuata. Msidhani ni ujanja wa kibiashara tu. Mwaka 2018 Jonathan McDowell, mtaalamu wa elimu ya nyota aliyefuatilia njia za setilaiti kwa miaka mingi, alionyesha kwamba zipo setilaiti zinazoshuka hadi kilomita 80 na kitu kisha zikapanda tena na kuendelea na mzunguko, na akapendekeza mpaka uwekwe karibu na 80. Mwaka huohuo FAI ilisema italitazama upya jambo hilo. Mstari wao umebaki kwenye 100.

Sasa amua hivi. Aliyepita 100, ubishi wa kimo umefungwa, amefika. Aliyeishia kati ya 80 na 100, sema "amefika kwa kipimo cha Wamarekani", ukomee hapo. Aliye chini ya 80 hajafika.

Richard Branson aliruka tarehe 11 Julai 2021, siku tisa kabla ya Bezos, kwa chombo cha Virgin Galactic kinachobebwa kwanza na ndege kisha kikaachiwa na kuwasha roketi yake. Alifika kilomita 86 hivi. Siku mbili kabla ya safari yake, Blue Origin walitangaza hadharani kwamba roketi yao tangu mwanzo imeundwa kuvuka mstari wa Kármán. Matajiri wanachokozana kama watoto wa mtaa mmoja, lakini uchokozi ule ulikuwa na hesabu ndani yake.

Akitokea mjuaji wa kusema "sheria ya kimataifa inasemaje?", mjibu kwamba haisemi. Mkataba wa anga za juu wa mwaka 1967 hautaji kilomita hata moja. Mataifa yamejaribu kuchora mistari yao. Mwaka 1976 nchi nane zinazopitiwa na ikweta, zikiwemo Kenya, Uganda, Kongo na Zaire, zilitia saini tamko huko Bogotá zikidai kwamba njia ya setilaiti iliyo juu yao, karibu kilomita 36,000, ni sehemu ya milki yao. Mataifa makubwa hayakukubali. Mimi naipenda habari ile, kwa sababu inaonyesha kwamba swali la wapi anga inaanza halikuwa la wazungu wenye roketi peke yao. Wakati ule roketi zilikuwa tayari zinarushwa na Waitaliano kutoka kwenye jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Setilaiti ya Uhuru ilitoka pale tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya.

Kisha uliza kasi, na hapa tofauti ni kubwa

Wengi huishia kwenye kimo, ndiyo maana ubishi hauishi. Kimo ni sehemu ndogo ya kazi.

New Shepard kwenye safari ile ya kwanza ilifika karibu kilomita 3,600 kwa saa, yaani kilomita 1 kwa sekunde. Kituo cha kimataifa cha anga kinakwenda karibu kilomita 7.7 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo, Dar hadi Chalinze ni sekunde 14 hivi.

Kwa nini kasi ile? Rusha jiwe mbele, litaanguka. Rusha kwa nguvu zaidi, litaanguka mbali zaidi. Lirushe kwa kasi ya kutosha na ardhi inapinda chini yake kwa kiasi kilekile linachoanguka, kwa hiyo linaendelea kuanguka bila kugusa chini. Huko ndiko kuzunguka. Roketi ya utalii hairushi mbele, inarusha juu, na kinachorushwa juu kinarudi chini. Mwuza kashata wetu, mzee asiyesoma fizikia hata siku moja, alisikiliza maelezo haya akasema, "Mbio za sakafuni huishia ukingoni." Sikuwa na la kuongeza.

Ukitaka kumnyamazisha mbishi mwenye elimu, mfanyie hesabu ya nishati. Chukua kilo moja ya mzigo. Kuipandisha kilomita 107 ni 9.8 (mvutano wa dunia) mara mita 107,000, sawa na juli (kipimo cha nishati) milioni moja hivi. Sasa kilo ileile iliyo kwenye kituo cha anga: nusu ya mraba wa 7,700 (kasi yake kwa mita kila sekunde) ni juli milioni 29.6, ongeza milioni 3.7 hivi za kuipandisha kilomita 400, jumla milioni 33. Yaani kumpeleka mtu kwenye mzunguko kunadai nishati zaidi ya mara 30 kwa kila kilo. Na nishati hiyo lazima aitoe yote wakati wa kurudi, kwa kusuguana na hewa, ndiyo sababu vyombo vinavyotoka kwenye mzunguko vina ngao ya joto inayoungua na kubabuka. Kapsuli ya New Shepard inashuka kwa parachuti tatu na haihitaji ngao ya namna ile. Ukitaka kujua haraka bila hesabu kama safari ilikuwa ya kuzunguka, tazama picha ya chombo kilivyotua: kimeungua au hakijaungua?

Kwa kipimo cha kasi, basi, mtalii wa dakika kumi hajasafiri. Amefika ukingoni akachungulia akarudi. Chama cha kimataifa cha waliokwenda anga za juu, Association of Space Explorers, kinadai mtu awe ameizunguka dunia angalau mara moja ndipo apokelewe. Naona ni sharti la haki kwa chama, lakini usilitumie kumfuta mtu kwenye swali la kimo. Ni maswali tofauti.

Usidanganywe na kuelea

Hiki ndicho kifungu nilichorudia darasani kuliko vyote, na mitihani ilinionyesha kwamba nilipaswa kukirudia zaidi.

Mtu anaona video ya abiria wakielea ndani ya kapsuli, anasema: "Si unaona? Wametoka kwenye mvutano wa dunia." Hawakutoka. Kwenye kilomita 100 mvutano wa dunia ni asilimia 97 ya ule uliopo hapo ulipokaa. Kwenye kituo cha anga bado ni karibu asilimia 89. Wanaelea kwa sababu wao na chombo chao wanaanguka pamoja, kwa kasi moja, kwa hiyo sakafu haiwasukumi. Hata wakati chombo bado kinapanda, injini ikishazimwa, kuelea kumeanza.

Unaweza kukokotoa mwenyewe wataelea kwa muda gani. Kapsuli huachana na roketi yake kwenye kilomita 75 hivi. Kutoka hapo hadi 107 ni kilomita 32. Muda wa kuanguka kilomita 32 ni kipeuo cha pili cha mara mbili ya 32,000 ukigawa kwa 9.5 (mvutano kule juu ni mdogo kidogo, ndiyo maana situmii 9.8). Inatoka sekunde 82. Kupanda nazo ni 82, jumla 164, yaani kati ya dakika mbili na tatu. Linganisha na matangazo yao ya "dakika chache". Ukweli umo, ila ni mfupi.

Na kuna ndege za kawaida, zilizobadilishwa kidogo, zinazopanda na kushuka kwa mkunjo na kuwaelesha watu sekunde 20 na kitu kila mkunjo, bila kuzidi kimo cha ndege za abiria kwa mengi. Wanaanga hufanyia mazoezi humo. Kwa hiyo kuelea si ushahidi wa kufika popote. Mtu akikuletea video ya watu wanaoelea, mrudishe kwenye swali la kwanza: kilomita ngapi?

Cheo ni swali la mwisho, na ndilo linalouma

Hapa watu hugombana kwa sababu wanadhani aliyefika kimo anapewa jina la mwanaanga bure, na waliosota miaka kumi wanadharauliwa.

FAA waliliona tatizo. Siku ileile ya safari ya Bezos, 20 Julai 2021, walitoa agizo jipya: beji ya mabawa ya wanaanga wa kibiashara itamhusu mhudumu wa chombo aliyevuka maili 50 na ambaye ndani ya safari alifanya kazi yenye umuhimu kwa usalama wa umma au iliyochangia usalama wa safari za binadamu angani. Abiria aliyekaa kitini haingii. New Shepard haina rubani kabisa, inajiendesha. Lakini mwisho wa mwaka ule FAA ikalegea: ikawapa beji wote walioruka mwaka 2021, Bezos, Branson, na mwigizaji William Shatner aliyeruka akiwa na miaka 90, kisha ikaufunga utaratibu wenyewe. Tangu hapo ni orodha ya majina tu. Hukumu ya namna hii sisi barazani tunaiita ya kumridhisha kila mtu.

Aprili 2025 ubishi ukarudi kwa kishindo. Wanawake sita, akiwemo mwimbaji Katy Perry na Lauren Sánchez, mchumba wa Bezos wakati ule, waliruka na New Shepard tarehe 14, na matangazo yakasema ni mara ya kwanza chombo kuruka na wanawake pekee tangu Valentina Tereshkova wa Urusi ya Kisovieti. Ni kweli. Lakini Tereshkova, mwezi Juni 1963, alikuwa peke yake, akakaa karibu siku tatu na kuizunguka dunia mara 48. Waziri wa usafiri wa Marekani, Sean Duffy, akajitokeza kusema wale sita hawatimizi vigezo vya FAA vya kuitwa wanaanga. Mke wangu, ambaye kwa kawaida hataki kusikia habari za roketi mezani, aliuliza swali ambalo sijalisikia kwa waziri: mbona Bezos alipewa? Jibu ni hilo la mwaka 2021. Halikumridhisha, na mimi halijaniridhisha.

Msimamo wangu ninaotumia kuamua ni huu: jina la mwanaanga ni la kazi. Rubani aliyekiongoza chombo hata dakika kumi ni mwanaanga. Mhandisi aliyebeba jaribio na kulisimamia naye ni mwanaanga, na anayekataa nitambishia. Aliyelipa akakaa dirishani ni abiria wa anga za juu, na sioni aibu ndani yake. Sheria ya Marekani yenyewe humwita mshiriki wa safari. Aliyepanda meli kwenda Pemba hatuoni haja ya kumwita nahodha.

Mazoezi: kesi za kupima mkono wako

Ukishashika maswali matatu, yajaribu kwa watu hawa kabla ya kuingia kwenye ubishi wa kweli.

Alan Shepard, Mmarekani wa kwanza. Tarehe 5 Mei 1961 alipanda hadi kilomita 187 akaangukia baharini baada ya dakika 15. Hakuzunguka. Kimo: amefika, tena mbali. Kasi: alipita kilomita 8,000 kwa saa, zaidi ya mara mbili ya watalii, lakini bado si ya mzunguko. Cheo: alijaribu mwenyewe kukigeuza chombo kwa mkono, na hakuna aliyejua kama atarudi. Ndiyo maana anayesema "safari za kupanda na kushuka si za anga" nampa kesi hii kwanza. Ukimkataa mtalii kwa sababu ya njia aliyopita, umemkataa na Shepard. Roketi ya Blue Origin imepewa jina lake kwa makusudi.

Yuri Gagarin, wiki tatu na ushei kabla yake, 12 Aprili 1961. Dakika 108, mzunguko mmoja. Utasema hapa hakuna ubishi. Upo! Kanuni ya FAI ya wakati ule ilidai rubani atue akiwa ndani ya chombo, na Gagarin alirushwa nje ya kapsuli kilomita 7 juu ya ardhi, kila kimoja kikashuka na parachuti yake. Wasovieti walilificha hilo kwa miaka. FAI haikumnyang'anya rekodi. Mnaona basi: hata wenye kanuni, ikibidi, hutazama tendo lenyewe.

Joe Walker alivuka kilomita 100 mara mbili mwaka 1963 akiendesha X-15. Kwa kuwa alikuwa raia wa NASA na si mwanajeshi, hakupewa beji. Alikufa kwa ajali ya ndege mwaka 1966, na mabawa yake yalitolewa mwaka 2005. Mwenzake Michael Adams alifika kilomita 81 tarehe 15 Novemba 1967, ndege yake ikavunjika wakati wa kurudi, akafa. Kwa FAI hajafika. Kwa jeshi lake amefika, na jina lake liko miongoni mwa wanaanga. Kesi hii siijibu kwa kikokotoo.

Vasily Lazarev na Oleg Makarov, Aprili 1975. Walikuwa wanakwenda kwenye kituo cha Kisovieti, roketi ikaharibika njiani, chombo chao kikapanda hadi kilomita 192 na kuanguka milimani baada ya dakika 21. Kimo, ndiyo. Mzunguko, hapana. Wanaanga, bila swali. Oktoba 2018 ikawatokea vivyo hivyo Aleksey Ovchinin na Nick Hague, lakini wao waliishia kilomita 93 hivi: kwa Wamarekani wamefika, kwa FAI siku ile hawakufika, na miezi mitano baadaye wote wawili walikwenda kituoni na kukaa.

Na la kwetu Waafrika, maana nalo huletwa barazani. Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alilipa karibu dola milioni 20, akafanya mafunzo Urusi, akaruka kwa Soyuz, chombo cha Warusi, Aprili 2002 na kukaa siku kama kumi, nyingi kwenye kituo cha anga. Sara Sabry, mhandisi wa Misri, aliruka na New Shepard tarehe 4 Agosti 2022. Wote wamefika. Mmoja amezunguka, mwingine amevuka mstari na kurudi. Ukiandika habari zao, andika hivyo tu na hutamkosea yeyote.

Ukiuziwa tiketi

Simjui mtu wa Ngamiani mwenye dola laki nne na nusu, bei ambayo Virgin Galactic walikuwa wakiitangaza kabla hawajaipandisha hadi laki sita. Lakini simu zinafika kila mahali na wauzaji nao wanafika.

Uliza kimo kwa kilomita, kutoka usawa wa bahari. Uliza kama ni kimo kilichofikiwa kwenye safari zilizopita au kinachotarajiwa. Uliza dakika za kuelea peke yake, zikitengwa na dakika za safari nzima, kwa sababu wanazichanganya. Uliza usalama bila haya: chombo cha majaribio cha Virgin Galactic kilivunjika hewani tarehe 31 Oktoba 2014 na rubani mmoja akafa, na roketi ya New Shepard isiyo na abiria iliharibika Septemba 2022, ingawa kapsuli yake ilijinusuru kama ilivyoundwa.

Kama unachotaka ni kuona, sitakukataza. Kutoka kilomita 107 upeo wa macho unafika karibu kilomita 1,170 kila upande. Ungekuwa juu ya Dodoma ungekuwa na Bahari ya Hindi mkono mmoja na Ziwa Tanganyika mkono wa pili, Nairobi na Kampala zote ndani ya duara lako, na mbingu nyeusi juu yake mchana kweupe. Shatner alishuka analia, na sidhani alikuwa anaigiza.

Zipo pia kampuni zinazotangaza puto la kifahari hadi kilomita 30 hivi na kuliita safari ya ukingo wa anga. Huko utaona dunia ikijipinda na mbingu ikiwa nyeusi, utakaa saa kadhaa badala ya dakika, na pengine utakunywa chai. Hutaelea hata sekunde moja, kwa sababu puto halianguki. Na mstari ulio karibu zaidi, ule wa Wamarekani, bado utakuwa kilomita 50 juu ya kichwa chako.